Maswali Yenu: Kipuri kinavyovaa nikeli bila umeme

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kwamba kipuri kinaweza kupigwa nikeli bila betri wala transfoma, basi maswali yakamiminika. Nimechukua yale yanayowagusa wengi. Lile la silva naomba lisomwe na kila mtu hata kama huna mpango wowote na silva, tafadhali sana.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, tulifundishwa kwamba ukitaka kupaka metali juu ya metali unaunganisha betri na kipuri kinakaa upande wa hasi. Sasa bila betri elektroni zinatoka wapi? Na ule msumari tunaouchovya kwenye kopa salfeti ukatoka mwekundu, si ndo hiyo hiyo?

Marahaba mwanangu, umeuliza swali lililobeba mada nzima. Elektroni zinatoka kwenye kemikali iliyomo humo humo ndani ya dawa, yaani yale maji ya kemikali tunayochovya kipuri. Kwa nikeli kemikali hiyo mara nyingi ni sodiamu hipofosfaiti, yenyewe ikioksidishwa inaachia elektroni na ayoni za nikeli zilizokuwa zinaelea kwenye maji zinazichukua, zinageuka nikeli halisi na kukaa juu ya kipuri. Lakini hazikai popote tu, na hapa ndo pa kushika: mmenyuko huu unahitaji uso wenye kichocheo, chuma kinaweza kuuanzisha, na nikeli yenyewe ni kichocheo, kwa hiyo tabaka la kwanza likishakaa linaita la pili, la pili linaita la tatu, na inaendelea hivyo muda wote dawa ikiwa na nguvu na joto liko sawa.

Msumari wako ni kitu kingine. Pale chuma chenyewe kinayeyuka na kuingia majini, kinaacha elektroni na shaba iliyomo kwenye kopa salfeti inazichukua, ni kubadilishana nafasi. Shaba ikishafunika chuma chote hakuna tena wa kutoa elektroni, mmenyuko unasimama, ndo maana lile tabaka ni jembamba sana na ukilisugua na kidole linatoka kama vumbi. Wengi wanaita vyote viwili jina moja halafu wanashangaa kwa nini tabaka lao haliongezeki unene hata wakiacha kipuri usiku kucha.

Historia yake ni tamu. Mwaka 1844 mwanakemia Mfaransa Wurtz aliona kwamba hipofosfaiti inaweza kutoa nikeli kutoka kwenye chumvi zake, ila haikuwa kitu cha kupakia kipuri. Ikakaa zaidi ya miaka 100 mpaka 1946, Abner Brenner na Grace Riddell wa taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani walikuwa wanapaka aloi ya nikeli na tungsteni ndani ya mabomba kwa kutumia umeme kabisa, hipofosfaiti waliiweka ili kuzuia kemikali nyingine ndani ya dawa zisioksidishwe, wakakuta nikeli imekaa mpaka nje ya bomba ambako hawakuitarajia, na walipopiga hesabu ikaonekana nikeli iliyopatikana ni nyingi kuliko ile ambayo umeme waliotumia ungeweza kuleta. Wangeweza kusema mizani imekosea wakaendelea na kazi. Wakaifuatilia, na leo tunafaidi sote.

Fundi mkuu habari za kazi. Mimi natengeneza vipuri vya aluminiamu, nimenunua dawa ya nikeli, nikaosha kipuri kwa sabuni mpaka kinang'aa, nikachovya. Nikeli ilikaa vizuri tu lakini nilipokipasha moto kidogo ikaanza kutoa malengelenge, na kwenye kona inabanduka kama ganda. Dawa ni feki?

Salama kaka. Dawa yako haina kosa, na nashukuru umeniuliza kabla hujaimwaga. Tatizo liko kwenye uso wa aluminiamu.

Aluminiamu ina tabia moja, ukiikwangua ikaguswa na hewa, palepale inajivika ngozi nyembamba ya oksidi. Huioni kwa macho, kipuri kinang'aa kabisa, lakini nikeli yako imekaa juu ya ile ngozi badala ya kushikana na metali yenyewe. Ukipasha moto, metali mbili zinatanuka kwa viwango tofauti, hewa na maji yaliyonaswa pale chini yanasukuma, malengelenge hayo. Sabuni haiwezi kuondoa oksidi hata usugue vipi, na hata ukiiondoa kwa msasa, mpaka ukifika kwenye beseni la nikeli imesharudi.

Njia waliyoizoea wenye kazi hii ni kuivika aluminiamu zinki kwanza. Unaanza na kuondoa grisi kabisa, halafu kipuri kinapita kwenye dawa ya alkali inayokula uso kidogo. Hapo kama aluminiamu yako ni aloi yenye shaba au silikoni itatoka na weusi weusi kama masizi, usishtuke, hivyo ni vitu vingine vya kwenye aloi ambavyo alkali haikuviyeyusha. Masizi hayo yanaondolewa kwenye asidi ya nitriki. Kisha kinaingia kwenye dawa ya zinki, ambayo kimsingi ni zinki oksidi iliyoyeyushwa kwenye sodiamu haidroksidi kali: alkali inakula ile ngozi ya oksidi na papo hapo zinki inakaa mahali pake kwa mtindo ule ule wa msumari niliomweleza mwanafunzi hapo juu. Dakika moja hivi au pungufu inatosha.

Sasa wengi wanaishia hapo. Mimi nakuomba usiishie hapo. Iondoe hiyo zinki ya kwanza kwenye asidi ya nitriki, osha, rudisha kipuri kwenye dawa ya zinki mara ya pili kwa muda mfupi zaidi. Ile ya kwanza huwa inakaa na chembe kubwa kubwa, hapa nene pale nyembamba, ya pili inakaa laini na sawasawa, na tofauti ya mshiko utaiona mwenyewe. Osha vizuri, peleka kwenye nikeli moja kwa moja bila kusubiri, usikiache kikauke njiani. Kama unaweza, tabaka la kwanza jembamba la nikeli lipige kwenye dawa ya alkali ndipo uhamie kwenye ya asidi, maana dawa ya asidi inayeyusha zinki na zinki ikirundikana humo inaiharibu dawa. Ukimaliza, kipashe kwa nyuzi joto kama 130 za Selsiasi saa moja au zaidi, joto hilo linasaidia nikeli kushika.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo kimoja cha bure ambacho nakipenda kuliko vifaa vyote: ukishaondoa grisi, mwagia kipuri maji safi kisha kiinamishe ukitazame dhidi ya mwanga. Kama maji yametandaa kama utando mmoja usiokatika, uko tayari. Kama yamejikusanya matone matone, au yanakimbia sehemu fulani na kuacha doa kavu, hapo kuna mafuta, na mara nyingi ukiangalia vizuri utakuta lile doa lina umbo la kidole chako mwenyewe. Rudi mwanzo, na vaa glavu safi. Nikeli inayobanduka, mara nyingi sana kosa lilishafanyika kabla kipuri hakijaifikia dawa.

(Kama aluminiamu yako ni ile ya kumimina kwenye kalibu yenye silikoni nyingi, asidi ya nitriki peke yake haitoi masizi yote, viwandani wanaongeza kemikali za floraidi. Hizo usizijaribu nyumbani kaka, zinapenya ngozi na kuua polepole, peleka kazi kwa wenye vifaa.)

Dada mpendwa wa safu hii, natengeneza mapambo ya kioo kwa kupaka silva ndani ya chupa, inatoka kama kioo cha kujitazamia, napenda mno. Mchanganyiko huwa unabaki, na silva naitret ni ghali. Naweza kuuhifadhi kwenye chupa niutumie wiki ijayo?

Hapana dada yangu. Hapana kabisa.

Mchanganyiko wako ni silva naitret, amonia, na mara nyingi sodiamu haidroksidi pia, halafu unaweka glukosi ili silva itoke. Ukiwa fresh hauna shida, lakini ukiachwa unakaa ndani yake kunaanza kutengenezeka kitu cheusi kinachotuama chini au kuganda kwenye kingo za chupa ambako umekauka. Kitu hicho kinalipuka. Hakihitaji moto wala kiberiti, kukigusa tu, kutikisa chupa au kufungua kifuniko kunatosha, na kinaweza kulipuka hata kikiwa bado kimelowa. Watu wameumia kwenye maabara za watu waliosoma kabisa kwa sababu mtu aliacha chupa mezani akaenda zake.

Kwa hiyo tengeneza kiasi unachokitumia sasa hivi tu, pima mara mbili ili kibaki kidogo. Ukimaliza, pale pale, kabla hata ya kushangilia kioo chako, mimina mabaki kwenye chombo chenye asidi hidrokloriki iliyopunguzwa nguvu kwa maji mengi, mpaka mchanganyiko uwe na asidi. Silva itashuka kama unga mweupe, unga huo ukusanye, maana silva yako yote imo humo na kuna wanaojua kuirudisha, hujapoteza hela yako. Vyombo, brashi, funeli, vyote visuuze hapo hapo.

Na kama unasoma hapa huku kuna chupa ya wiki iliyopita kwenye kabati na ina weusi chini, usiishike, usiitikise, usiifungue kuangalia. Toka chumba hicho, funga mlango, watoto wasiingie, piga simu zimamoto waeleze ni mchanganyiko wa silva na amonia uliokaa. Nakuomba ufanye hivyo leo.

Kuhusu kazi yenyewe, hongera, ni ufundi wa heshima. Mjerumani Justus von Liebig alionyesha mwaka 1835 kwamba aldehaidi zinatoa silva kutoka kwenye chumvi zake na kutengeneza kioo, na njia hiyo ilipokuja kukua ikawaondolea mafundi ule mtindo wa zamani wa vioo vya zebaki na bati uliokuwa ukiwapa sumu. Ukitaka silva yako ikae bila mabaka, osha kioo mpaka maji yatandae (kipimo kile kile nilichompa fundi wa aluminiamu), kisha kipitishe kwenye maji yenye bati kloridi kidogo na asidi kidogo, suuza vizuri sana, ndipo umimine silva. Ile bati inaacha vidoadoa visivyoonekana ambavyo silva inaanzia hapo. Usisahau kupaka vanishi nyuma, silva ikiachwa wazi inakuwa nyeusi.

Mkuu, vipuri vya chuma vinakubali lakini vya shaba havishiki kabisa, naviweka kwenye nikeli ya moto nusu saa hakuna hata povu. Nifanyeje?

Shaba haina uwezo wa kuanzisha mmenyuko wa hipofosfaiti, hata iwe safi vipi. Kipuri kikiwa ndani ya dawa kiguse kwa kipande safi cha chuma au waya wa nikeli sekunde kadhaa, utaona vipovu vinaanza pale ulipogusa na kusambaa, hapo nikeli ya kwanza imeshakaa na itajiendesha yenyewe. Wengine wanagusisha umeme mdogo kwa sekunde chache, au wanachovya kwanza kwenye dawa ya paladiamu, metali inayoweza kuanzisha mmenyuko huu. Kama ni shaba njano uwe makini, aina nyingi zina risasi ndani, na risasi inaua mmenyuko.

Fundi, dawa yangu ya nikeli jana ilianza kuchemka kama soda beseni zima, ikawa nyeusi, ikaniachia unga mweusi chini. Nilikuwa napasha kwa hita ya kuzamisha. Nimepata hasara, ilitokana na nini?

Pole sana. Hiyo dawa imejivunja yenyewe. Kumbuka dawa hii muda wote ina nikeli na kitu cha kuitoa nikeli vikiwa pamoja majini, vinasubiri tu uso wa kuanzia. Kinachovizuia ni vidhibiti vinavyowekwa kwa kiasi kidogo mno, sehemu chache tu kwa milioni. Ukivipa uso wa kuanzia usiokuwa kipuri chako, vumbi, unga wa msasa, chembe ya nikeli iliyobanduka, nikeli inaanza kukaa hapo, chembe zinaongezeka, zinaita nyingine, baada ya muda mfupi dawa ya beseni zima imevunjika.

Kwa maelezo yako namshuku hita. Dawa ya asidi inafanya kazi vizuri nyuzi 85 mpaka 92 hivi, lakini uso wa hita ya kuzamisha unaweza kuwa moto kupita hapo sana, na pale ndo nikeli inaanza kukaa. Pasha kwa nje, beseni ndani ya maji ya moto, na dawa iwe inazunguka. Chombo kiwe cha polipropilini au cha kioo na kisiwe na mikwaruzo, sufuria ya aluminiamu usiguse kabisa. Kila baada ya kazi chuja. Ukiongeza kemikali ongeza kidogo kidogo huku unakoroga, na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) usiiache ipande ovyo, ikae karibu na 4.5 mpaka 5. Kawaida inashuka yenyewe kwa sababu mmenyuko unazalisha asidi, watu wanairudisha kwa amonia, na wanaimwaga yote sehemu moja kwa pupa, sehemu hiyo pH inaruka na dawa inavunjikia hapo.

Ukiona inaanza tena, toa vipuri, zima joto, mimina maji baridi mengi, fungua madirisha, na moto wa aina yoyote uwe mbali kwa sababu vipovu vile ni haidrojeni.

Mimi nina printa ya 3D, nataka vitu vyangu vya plastiki viwe na metali juu. Nimesoma kwamba plastiki ya ABS inawezekana.

Inawezekana, viwanda vya magari wanafanya kila siku, vile vinembo vinavyong'aa mbele ya gari vingi ni plastiki. ABS ina vichembe vya mpira ndani yake, asidi ya kromiki ikichanganywa na ya salfuriki inavila vile vichembe na kuacha vishimo vidogo sana ambavyo metali inajichimbia mizizi humo, kisha inafuata dawa ya bati na paladiamu, kisha nikeli au shaba isiyo ya umeme, na mwisho ndo umeme unaleta kromu. Shida ni hiyo asidi ya kromiki, kromu ya aina ile inasababisha saratani, viwanda vyenyewe vinahangaika kuiacha na kuhamia kwenye pamanganeti. Nyumbani sikushauri. Kwa printa yako piga msasa, paka rangi inayopitisha umeme, halafu tumia umeme wa kawaida kuweka shaba.

Nikeli hii ngumu kiasi gani, na niweke unene gani? Kazi yangu ni shafti na springi.

Ikitoka tu kwenye dawa ina ugumu kama 500 hadi 600 kwa kipimo cha Vickers, ukiipasha nyuzi 400 saa moja inafika karibu 1,000 kwa sababu fosforasi iliyomo inaungana na nikeli na kutengeneza chembe ngumu. Nikeli hii siyo nikeli tupu, ina fosforasi, na kiasi chake kinabadili kila kitu. Yenye fosforasi nyingi, asilimia 10 kwenda juu, inazuia kutu vizuri na hata sumaku haiishiki. Yenye kidogo ni ngumu zaidi tangu mwanzo na inavumilia alkali kali.

Inakaa mikroni 10 hadi 20 kwa saa (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na raha yake ni kwamba unene unakuwa sawa kila mahali, kwenye nyuzi za skrubu, ndani ya tundu, kwenye kona, wakati umeme hujaza kona na kunyima ndani. Kwa shafti inayokaa kwenye unyevu usishuke chini ya mikroni 25, maana nikeli ikiwa na tundu hata dogo kama ncha ya sindano, chuma kilicho chini kinaoza pale haraka kuliko hata kingekuwa wazi.

Springi ni habari nyingine kaka. Haidrojeni ya kwenye mmenyuko inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla bila kupinda. Ukitoa tu kwenye dawa, osha, ingiza kwenye oveni nyuzi kama 190 kwa saa kadhaa, usiache mpaka kesho. Na nyuzi 400 nilizotaja juu zisahau kwenye springi, zitalegeza chuma chenyewe.

Dawa ikichoka naimwaga wapi?

Siyo kwenye mtaro, siyo chooni, siyo kwenye ardhi. Na ile mbinu ya kuweka chokaa ili nikeli ishuke chini haifanyi kazi vizuri hapa, kwa sababu dawa ina sitreti au asidi nyingine zilizoikumbatia nikeli ili isishuke, ndo kazi yake, kwa hiyo hata ukishaweka chokaa nikeli bado imo majini. Weka kwenye madumu yenye maandishi, yapeleke kwa wanaokusanya taka za kemikali, au elewana mapema na aliyekuuzia aichukue ikichoka. Glavu muda wote pia, nikeli ikishakufanyia mzio wa ngozi mara moja huo mzio hauondoki, utawashwa na saa, na bizimu ya mkanda, na kifungo cha suruali.